Moshi Ilipoacha Kuitikia Hodi

Asubuhi ile mume wangu Elia alikunywa mtori wake wa ndizi akiwa amesimama, kama ilivyokuwa kawaida yake kila alipokuwa anapanda mlima. Alisema akikaa atazoea kiti. Alimaliza bakuli lote huku akizunguka chumba kutafuta soksi yake moja ya sufu, na mwishowe tuliikuta ndani ya dumu tupu la maziwa. Ilifikaje humo hakuna aliyejua. Tulicheka sana. Alikuwa anakwenda kuongoza kikundi cha watalii wa njia ya Umbwe, njia aliyoipenda kuliko zote kwa sababu ni mwinuko mtupu na haina msongamano wa watu.

"Nikishuka twende Machame tukamwone mama," alisema akifunga mkoba.

"Wewe shuka kwanza," nilimjibu.

Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Sikuyapa uzito wowote. Nilikuwa nawaza maziwa.

Tuliishi Rau, karibu na msitu, mimi na yeye tu, maana Mungu hakutujalia watoto. Kila siku nilipanda Kibosho kwa pikipiki, nikakusanya maziwa kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani moja baada ya jingine, kwa watu wenye ng'ombe mmoja au wawili chini ya migomba, kisha nikayashusha mjini. Siku hiyo mnyororo wa pikipiki ulikatika nikiwa nakaribia sokoni. Niliisukuma mpaka dukani kwa Kulwant.

Kulwant alikuwa wa familia ya Singasinga iliyouza spea Moshi tangu enzi za babu yake. Mumewe alikuwa amefariki, watoto wake wako ng'ambo, na duka aliliendesha peke yake, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko. Alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwita dada. Alijua Kichagga cha kutosha kugombana sokoni.

"Ana, huu mnyororo umeutumia mpaka umekuwa uzi," alisema.

"Nilikuwa nauvumilia, dada Kuli."

"Mnyororo hauvumiliwi. Mume ndiye anayevumiliwa."

Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuniuliza habari za mtoto, wala kunishauri niende kuombewa. Mwanamke wa namna hiyo nilikuwa naye mmoja tu.

Habari za kwanza zilitoka Kahe, chini kule tambarare, na hazikuwa habari za vita. Wanunuzi wa mpunga walirudi wakisema kwamba maji yanafurika mashambani bila mtu wa kuyaelekeza, na wakulima wamekaa vibarazani wanatazama barabara. Kisha simu za Kahe zikawa zinaita bila kupokelewa. Kisha akaja Mama Zaina. Alitokea huko kwa miguu, godoro kichwani, akakaa kwenye benchi la dukani kwa Kulwant kwa sababu hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Nilikuwepo. Kulwant alimpa maji, akanywa, akaomba mengine.

"Alipiga hodi mchana kweupe," alisema. "Mtu mzima, koti safi, salamu nzuri. Kaka yangu akamwambia karibu. Ungekuwa wewe usingesema karibu?"

"Nani huyo?" Kulwant aliuliza.

"Hakutaja jina. Sisi tulimwita Mgeni."

Yule Mgeni alimuuliza kaka yake anataka nini katika dunia hii. Kaka yake alikuwa amefiwa na mtoto mwaka uliopita. Alimtaja mtoto. Asubuhi iliyofuata mtoto alikuwa uani anachezea tope, na fulana ile ile aliyozikwa nayo. Mama Zaina alimshika, alikuwa na joto. Alikula uji, akalilia sukari.

"Hakuwa mzuka," alisema. "Alikuwa mtoto wetu. Lakini kaka yangu hakumwangalia. Mtoto anaita baba, baba anatazama barabara. Nilimshika uso nikamgeuza. Akaniambia, 'Nimemwona,' kama mtu aliyeonyeshwa kuku wa jirani."

Ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Kila aliyesema karibu alipata alichoomba, na moyo wa kukipenda ukaondoka. Mtu asiye na kitu anachokipenda hana cha kumrudisha nyuma. Mgeni alipowaita walisimama wote, wakamfuata, na nyumba za waliokataa wakazichoma njiani. Mtoto yule Mama Zaina alimpeleka Holili kwa shangazi yake kabla barabara hazijafungwa. Alisema kila siku anamwulizia baba yake.

Watu wa mjini walisikia hayo wakacheka. Baadaye hawakucheka.

Tuliwaita Waliokubali. Walipanda kutoka Kahe wakifuata reli, na wanajeshi pamoja na vijana wa mitaa wakaweka safu yao kwenye msitu wa Rau. Nyumba yangu ilikuwa nyuma ya safu hiyo. Nilikuwa nimebaki nikimsubiri Elia, maana siku zake za kushuka zilikuwa zimepita na simu yake haikupatikana. Niliona mapigano ya kwanza nikiwa uani kwangu, nimeshika beseni la nguo.

Walikuja wanatembea. Hawakukimbia, hawakupiga kelele.

Risasi zilipoanza walianguka kama mtu yeyote anavyoanguka. Waliokuwa nyuma waliwaruka, wakaendelea.

Nilimtambua mwalimu wa kwaya ya usharika wetu. Alikuwa amekwenda Kahe kumwona dada yake. Alibeba panga begani kama mtu anayekwenda kupalilia. Kijana mmoja wa upande wetu alimwita kwa jina, akamwita tena, hakufyatua. Mwalimu alimfikia.

Niliangusha beseni nikakimbia.

Nyumba yetu iliungua mchana ule. Niliuona moshi wake nikiwa barabarani, nikaujua ni wa kwetu kwa sababu ya mti wa mwarobaini uliokuwa ukiungua kando yake. Nilikwenda mahali pekee nilipopajua. Kulwant alinikuta nimesimama mbele ya duka, akainua chuma cha mlango kidogo nikapita chini yake nikiinama. Mama Zaina alikuwa ndani bado. Tukaishi watatu, nyuma ya makabati ya spea, na vita vikakaa Moshi.

Vita vya silaha nimesikia wengi wakivisimulia. Mizinga ilipigwa kutoka upande wa uwanja wa ndege, mtaa wa Pasua ukabaki magofu, maiti zikazikwa kwenye viwanja vya mpira. Yote ni kweli. Lakini mji wetu uliharibiwa zaidi na kitu kingine. Mgeni alipita kwenye mitaa tuliyokuwa bado tumeishika. Hakuna risasi iliyomgusa. Alikuja mchana, jua likiwa juu, akasimama mlangoni kwa mtu akapiga hodi. Asipoambiwa karibu hakuweza kufanya lolote. Aliondoka, akaenda mlango wa pili.

Sisi ni watu tuliojifunza kuitikia hodi kabla ya kujifunza kutembea. Neno linatoka lenyewe, kama chafya. Tukalifunga. Ukitaka kwenda kwa jirani ulisimama uani mpaka akuone dirishani, kisha ukaingia kimya, bila neno, kama mwizi. Mchungaji wetu alisimama mlangoni mwa kanisa amebana midomo, nasi tukampita tukiangalia chini. Wenye maduka walifungua mlango wakageuza uso. Baada ya muda watu waliona ni heri kutotembeleana kabisa. Unaweza kukaa katika mji wenye watu maelfu, ukasikia vikohozi vyao nyuma ya ukuta, na usiwe na mtu.

Hata hivyo walikuwepo waliojibu. Hawakuwa wajinga wala wabaya. Walikuwa wamechoka, na kila mmoja alikuwa na kitu alichokitaka. Kila siku mlango mmoja au miwili ilifunguka, na mwenye nyumba akatoka akiwa upande mwingine.

"Hapa ndani," Kulwant alituambia, "mtu akiingia nitamtazama usoni. Hiyo inatosha. Mdomo nyamazisheni."

Mgeni alikuja kwetu siku moja, Kulwant na Mama Zaina wakiwa kwenye foleni ya maji. Nilikuwa nasafisha pikipiki isiyokuwa na mafuta, kwa ajili ya kushughulisha mikono. Nikasikia hodi. Nilinyamaza. Akasogea mbele ya nondo za dirisha nikamwona.

Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Hilo sijui nilielezeje. Uso wake ulikuwa kama wa mtu uliyesoma naye zamani ukamsahau jina. Alinisalimia kwa Kimachame, kwa lafudhi ya kijiji chetu hasa, ambayo hata watu wa kijiji cha pili hawaipati vizuri.

"Anaeli," alisema, "Elia yuko hai."

Nilitua kitambaa juu ya pikipiki.

"Watalii walivuka upande wa Kenya. Yeye alikwama huko nao miezi yote, na juzi juzi alirudi kwa njia ya Umbwe ili aje kwako, akateleza. Yuko pangoni, pale wapagazi wanapokoka moto. Mguu umevunjika. Ana maji, hana chakula. Sema neno lile, nami kesho atakuwa hapa ulipokaa."

"Na mimi nitakuwa nimekaa wapi?" nilimuuliza.

"Hapo hapo," alisema. "Lakini hutasumbuka tena."

Sikuwa nimemtarajia hivyo. Nilitazamia shetani adanganye. Huyu hakudanganya mtu hata siku moja, na ndiyo sababu alikuwa hatari. Alikuambia bei na akakuacha ufikiri, naye alijua kwamba ukifikiri peke yako kwa muda mrefu utaona bei si kubwa. Neno lilikuwa ulimini mwangu. Niliusikia uzito wake. Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu, na nilipoinua uso alikuwa amekwenda.

Kulwant aliporudi nilimweleza. Alitua ndoo, akafuta mikono kwenye gauni.

"Usiseme neno hilo," alisema. "Hata kwa ajili ya Elia. Ukilisema, Elia atarudi kwa mwanamke asiyemwona. Hiyo si kumwokoa."

"Basi nitampandia mwenyewe. Amenionyesha alipo. Sijamlipa kitu."

Alijua njia zote zilikuwa na Waliokubali. Alijua pia kwamba sikumwomba ruhusa. Alinipa koti la marehemu mumewe, kubwa, la sufu, na mkate wa unga wa ngano alioupika kwenye jiko la mafuta ya taa, na kamba, na dawa za maumivu. Alfajiri aliinua chuma cha mlango.

"Ana, nitakusubiri hapa. Sitahama, hata wakichoma mtaa."

Nilishika vichochoro vya maziwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimepita kwenye migomba ya Kibosho, nikizijua nyumba kwa harufu za mazizi yake, na sasa nilipita tena kwa miguu, nikijificha. Vihamba vilikuwa tupu. Ndizi zilikuwa zimeiva zikaoza mitini. Kahawa ilikuwa nyekundu, hakuna mchumaji. Kwa mama mmoja aliyekuwa akinipa maziwa nilimkuta ng'ombe bado amefungwa zizini, amekufa amesimama, kaegemea mbao. Mara mbili nililala kifudifudi kwenye majani, kikosi cha Waliokubali kikapita njiani. Niliona miguu yao tu. Ilikuwa imechanika, na hakuna aliyechechemea.

Nilipovuka nyumba za mwisho nikagundua kwamba sitembei peke yangu.

Alikuwa ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia mashamba unaoteremka kutoka msituni. Alitembea sambamba nami. Hakusogea karibu zaidi ya upana wa maji yale.

"Sitakuomba kitu," alisema. "Nakusindikiza."

Sikujibu. Tukatembea. Baada ya muda akaanza kuzungumza, na alizungumza vizuri. Alijua majina ya miti kwa Kichagga, hata ile ambayo bibi yangu alikuwa ameisahau. Alinisimulia Elia alipokuwa kijana, mpagazi wa mizigo, kabla sijamfahamu, jinsi alivyobeba mgongoni mpagazi mwenzake aliyeugua mpaka getini, kisha akaketi akalia kwa uchovu. Elia hakuwahi kunieleza hilo. Nilitaka kusikia zaidi. Nilijikuta nimepunguza mwendo ili maji ya mfongo yasizibe sauti yake.

Watu huniuliza kishawishi kilikuwa wapi hasa, wakitazamia niseme dirishani, alipoahidi kumleta mume wangu. Haikuwa pale. Ilikuwa msituni. Kwa miezi nilikuwa sijasikia mtu akisema nami sentensi ndefu bila kuogopa. Huyu alikuwa na muda wote wa dunia, na alinijua. Nilimjibu. Nilimweleza habari za mimba niliyoipoteza nikiwa bado mchanga katika ndoa, ambayo hata Kulwant sikumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipa pole ya haraka haraka. Nilipomaliza nililia, na nilijisikia mwepesi, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Nyamaza sasa," nilimwambia. "Tafadhali."

Akanyamaza. Alikuwa na adabu mpaka mwisho.

Mwinuko wa Umbwe ni kama ngazi ya mizizi. Nilipanda kwa mikono na miguu, ukungu umenifunika, koti la marehemu limelowa na kuwa zito. Niliita jina la Elia nilipoona mwamba wa pango. Hakuna aliyeitika.

Alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mguu umefungwa vijiti.

Uso wake ulikuwa umeelekea njiani.

Nilimgusa shingo. Alikuwa baridi, lakini hakuwa ameanza kuharibika. Mkononi alishika kopo la maji, na maji yalikuwemo.

"Jana jioni," Mgeni alisema kutoka nje. "Ungenijibu dirishani angekuwa nyumbani."

Alikuwa anasema kweli. Sikuhitaji kuapiwa.

Sikuweza kuchimba, ardhi ile ni mwamba. Nilimlaza ndani zaidi, nikamfunika kwa mawe. Nilianza miguuni. Uso niliuacha mpaka mwisho, na nilipofika usoni nilikaa kwanza. Kisha nikaendelea. Niliomba sala tunayoomba makaburini, ile sehemu niliyoikumbuka.

Yeye alikaa kwenye jiwe nje ya pango, mikono magotini, kama mfiwa.

"Hodi, Anaeli," alisema.

Sikujibu.

"Sina mtu wa kukuletea tena. Sikuahidi mtu. Nasema tu, huna mtu, na mimi nipo. Naweza kukaa na wewe siku zote. Hutalala tena ukisikiliza ukuta."

Nilimwamini. Sikujiona shujaa, na imani yangu siku ile ilikuwa imebaki kidogo sana. Nilimtazama Elia, yaani niliyatazama mawe, na nikaona kwamba uchungu ule ndio uliokuwa kitu pekee cha Elia nilichobakiwa nacho. Nikisema karibu, hata huo utaondoka. Nilimpa mgongo. Niliposikia upepo tu, nilijua ameondoka.

Kisha nililala kando ya mawe. Nilijua nafanya kwa makusudi. Mkate ulikuwa umekwisha, koti limelowa, na baridi ya kule juu haichelewi kumuua mtu. Kwanza nilitetemeka, kisha nikaacha kutetemeka, nikasikia joto zuri, na nikafurahi kwamba linakuja.

Ghafla miguu yangu iliamka.

Sina namna nyingine ya kulisema. Damu ilirudi, kichwa kikawa wazi, nikasimama kama mtu aliyeamshwa na mama yake aende shule. Jua lilikuwa limetoboa ukungu. Niliteremka ule mwinuko bila kuteleza hata mara moja. Nilivuka vihamba, nikapita vikosi vya Waliokubali karibu kiasi cha kuona vifungo vya mashati yao, na hakuna aliyegeuza shingo. Njia nzima nilimshukuru Mungu. Niliona sala yangu ya pale pangoni imesikika.

Chuma cha mlango wa duka kilikuwa kimeinuliwa mpaka juu.

Mama Zaina alikuwa chini ya kaunta, amejifunika gunia. Ilinibidi nimvute mikono ndipo akaniamini kuwa ni mimi. Alinishika uso, akanigeuza huku na huku.

"Umerudi kweli," alisema. "Ruwa wangu, umerudi kweli." Alikuwa amejifunza kulitaja jina la Mungu kama sisi wa mlimani.

"Dada Kuli yuko wapi?"

Alianza kulia kabla ya kusema.

Mgeni alikuwa amekuja jana yake mchana, akasimama pale kwenye nondo. Hakumwahidi Kulwant mumewe, wala watoto wake walioko ng'ambo. Alimwambia, "Anaeli amelala pangoni kwenye baridi. Anakufa sasa hivi tunapozungumza." Kulwant alimwambia aende zake. Mgeni akabaki amesimama. Kulwant alianza kupanga spea kwenye kabati, akazipangua, akazipanga tena. Mama Zaina alimshika mkono, akamwambia dada usithubutu, wewe mwenyewe ndiye uliyetukataza.

"Akanijibu, 'Najua,'" Mama Zaina alisema. "Akainua chuma cha mlango kwa mikono yake. Akamwambia, 'Karibu. Mshushe Ana salama.' Basi. Yule hata hakuingia. Ukishasema hana haja ya kuingia. Kulwant akatoka, akashika barabara, hakugeuka nyuma."

Niliuliza ilikuwa saa ngapi. Alinieleza jua lilikuwa wapi.

Nilikaa kwenye benchi.

Vita havikuisha kwa ushindi, ingawa wapo wanaosema hivyo. Wanajeshi wanasema ni wao, makanisa na misikiti vinasema ni maombi. Mimi ninachojua ni kwamba siku moja bunduki zilinyamaza. Tulitoka tukawakuta Waliokubali wamesimama mitaani, silaha zimelala miguuni mwao, kama watu walioshushwa kwenye basi mahali wasipopajua. Mgeni alikuwa amekwenda. Huenda alikuwa amepata mji mwingine. Hakuna aliyemwona akiondoka, na kwa muda mrefu hatukuthubutu kufurahi.

Nilimtafuta Kulwant katikati yao. Nilimkuta karibu na stesheni ya reli, amekonda, nguo zimechanika, na mikononi ana majeraha ambayo sikumwuliza aliyapataje. Nilimwita dada. Aligeuka. Alinijua.

"Anaeli," alisema. "Umeshuka."

"Nimeshuka, dada Kuli."

"Vizuri," alisema, akatazama reli.

Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani. Wengine waliokubali walizinduka kidogo kidogo. Wapo walioanza kulia ghafla sokoni baada ya miaka, wakakimbia nyumbani kuwakumbatia watu wao. Yule kaka yake Mama Zaina ni mmojawapo, alikwenda mpaka Holili kwa miguu. Kulwant bado. Watoto wake walikuja kumchukua, akakataa kuhama. Anawapenda, anacheka nao katika simu, anawauliza wamekula nini. Moyo wake ni mzima kwa kila mtu. Ni upande wangu tu ndio umefungwa, maana mimi ndiye niliyekuwa ombi lake.

Nimepanga chumba karibu na soko, na maziwa naendelea nayo. Elia nilimpandia tena na wapagazi wenzake, tukayapanga mawe vizuri na kuweka msalaba. Namlilia kila nikitaka kumlilia. Hilo najua mahali pa kuliweka. La Kulwant silijui. Siwezi kuvaa nguo za msiba kwa mtu anayefungua duka kila asubuhi. Siwezi kumlaumu, na kumshukuru nimemshukuru mara nyingi, akanijibu, "Usijali," kwa sauti ya mtu aliyeombwa chenji. Zipo siku nauliza nafsi yangu kama nilipoteza mmoja au wawili, na kama nilimkatalia Mgeni bure, maana mwishowe msaada wake niliupokea, ila bei alilipa mwingine. Nimepewa maisha haya kwa gharama kubwa, na nayaishi kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima.

Jumapili baada ya ibada napitia kwake. Nachemsha chai mwenyewe, ya tangawizi na maziwa mengi kama anavyoipenda, naketi upande wa pili wa kaunta. Namweleza habari za ng'ombe wa Kibosho, nani kazaa, nani kauzwa. Anaitikia, macho yako barabarani. Nikimaliza naosha vikombe vyote viwili, navigeuza juu ya kitambaa, namwambia nimekwenda, dada. Naye anasema asante kwa kuja, karibu tena, kama anavyowaambia wateja wote.